Kadi ya GB 4 inayoachwa na ya GB 2: dhana potofu kuhusu kadi za grafiki

Kompyuta nyingi za gemu mtaani hazikuzaliwa za gemu. Ni mashine za ofisi, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zilizostaafu ughaibuni zikaishia madukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zikiwa na prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne. Mwenye nayo anataka kadi ya grafiki ili acheze GTA V bila kukwamakwama. Hapo ndipo ushauri wa mtaani unapoanza, na mwingi wake ni wa kumpoteza.

"Chukua yenye GB nyingi"

Hakuna dhana inayouza kadi dhaifu kama hii. GB zinazoandikwa kwenye boksi ni ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, yaani stoo ya picha za kuta, nyuso na nyasi ambazo gemu inazihitaji karibu. Kazi ya kuchora inafanywa na chipu, na kasi ya kutoa mzigo stoo inategemea aina ya kumbukumbu na upana wa njia yake. Kadi ya GT 730 yenye GB 4 za DDR3, kumbukumbu ya aina ya polepole, haifikishi hata GB 30 kwa sekunde. GTX 1050 yenye GB 2 za GDDR5, aina ya kasi, inapitisha GB 112. Ukizijaribu kwenye gemu moja, ya GB 2 inaiacha mbali ile ya GB 4. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Hata kwenye kadi za bei ya juu ni hivyohivyo: RTX 3060 ina GB 12, RTX 3060 Ti ina GB 8, na hii ya GB 8 ndiyo yenye kasi zaidi, kwa kuwa chipu yake ina viini (vitengo vidogo vya kuchora) 4,864 dhidi ya 3,584.

GB zina umuhimu pale zinapojaa. Stoo ikijaa, kadi huanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia sloti, na njia hiyo ni nyembamba mno. Dalili yake ni gemu inayokwenda vizuri kisha kuganda nusu sekunde kila ukigeuza kamera. Dawa ya kwanza ni kushusha ubora wa "textures", yaani zile picha za kuta na nyuso, kwenye mipangilio ya gemu, kabla hujagusa kitu kingine. Kwa gemu za zamani kwenye 1080p (picha ya nukta 1920 kwa 1080), GB 4 zinakutosha. Kwa gemu mpya kubwa, anzia GB 8.

"Jina ni moja, basi kadi ni ileile"

GT 1030 zipo mbili. Ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde. Ya DDR4, iliyofuata 2018, inapitisha 16.8 tu. Boksi zinafanana. RTX 3050 ya GB 6, ikilinganishwa na ya GB 8, haikupunguziwa GB peke yake: viini vimetoka 2,560 hadi 2,304 na njia ya kumbukumbu imebanwa kutoka biti 128 hadi 96. RX 580 yenye maandishi 2048SP ina viini 2,048 badala ya 2,304.

Kwa hiyo usiulize "ni 1030?" Uliza "ni GDDR5?" Halafu kadi iwashwe hapohapo dukani, ufungue programu ya GPU-Z na usome mistari ya Memory Type (aina ya kumbukumbu), Bus Width (upana wa njia) na Shaders (idadi ya viini). Programu hiyo ni ya bure, na tangu toleo la 2.12 inaweza kugundua kadi nyingi bandia za NVIDIA, yaani chipu kuukuu iliyobadilishwa programu ya ndani ijitambulishe kuwa mpya. Jina likitanguliwa na neno [FAKE], rudisha kadi. GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA, lile la monita za zamani, nayo ikutie shaka mapema, maana chipu halisi haitoi mawimbi ya VGA.

"Ikiingia kwenye sloti, itawaka"

Sloti yenyewe hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi huletewa umeme kwa kebo kutoka pawasapulai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Fungua kompyuta uangalie. Mashine nyingi za ofisi hazina kebo hizo kabisa. OptiPlex 9020 ya kesi ndefu ina pawasapulai ya wati 290, na plagi yake ya ubao mama ni ya pini 8, si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo hata ukinunua pawasapulai mpya utahitaji adapta.

Hapo fundi mwenye haraka atakuuzia kebo ya kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa pini 6. Ikatae. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikibeba ampea 1.5. Jumla ni wati 54. Kadi ikivuta 75 kupitia hapo, plastiki inaweza kuyeyuka, na moto wa namna hiyo huanza taratibu, katikati ya mechi, si siku ya kujaribu dukani.

Salama zaidi ni kadi isiyohitaji kebo: GTX 1650 isiyo na tundu la pini 6 (watengenezaji wengine huliweka, kwa hiyo tazama ukingo wa juu wa kadi), RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70, au RX 6400 yenye wati 53. Kama kesi yako ni ile nyembamba, kadi iwe fupi ya kimo na ije na bamba fupi la chuma. Bamba refu halifungi. Pima pia urefu kwa rula, kutoka ukuta wa nyuma hadi kizimba cha diski, na uhesabu kama kadi ni nene ya nafasi mbili.

"Pawasapulai imeandikwa 500W, inatosha"

Maandishi makubwa ni ya kuuzia. Soma jedwali dogo ubavuni, mstari wa +12V, uzidishe ampea kwa 12. Ikiandikwa 18A, umepata wati 216 za kugawana kadi na prosesa. RX 580 peke yake huvuta karibu 185. Kompyuta itazimika ghafla gemu ikipamba moto, nawe utailaumu kadi.

"Sloti zote ni sawa"

RX 6400 na RX 6500 XT zina njia 4 tu za mawasiliano, na zilitengenezwa kwa PCIe 4.0, yaani toleo la nne la sloti hiyo. Core i5 ya kizazi cha nne ni PCIe 3.0, hivyo kasi ya njia hizo inashuka hadi nusu. Ya kizazi cha pili ni 2.0, inashuka hadi robo. Kadi ya GB 4 ikijaa hapo, utaona gemu ikiganda. GTX 1650 ina njia 16 na haisumbuliwi sana. Intel Arc nazo zinataka kipengele cha Resizable BAR, kinachoiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo, ambacho mashine hizi za zamani hazina. Bila hicho zinapoteza nguvu nyingi.

"Kadi kali itafidia prosesa"

Fungua Task Manager ya Windows gemu ikiendelea, utazame GPU (kadi). Kadi ikiwa asilimia 95 kwenda juu, kadi ndiyo kikomo. Ikiwa 50 na gemu bado inakwama, tatizo ni prosesa au RAM. Shusha 1080p hadi 720p: fremu (picha kwa sekunde) zisipoongezeka, prosesa imefika mwisho. RAM ya vipande viwili vya GB 4 huenda vizuri kuliko kipande kimoja cha GB 8.

"Iliyochimba sarafu imekufa"

Ethereum, sarafu ya kidijitali, iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Chipu mara nyingi ni nzima. Kinachochoka ni feni na pedi za kupitisha joto. Iendeshe dakika 20 kwenye gemu nzito, usikilize feni, utazame vijiraba vya rangi kwenye skrini; joto likivuka nyuzi 85, punguza bei au ondoka. Cha kuogopa zaidi ni umri: GTX 1050 Ti na 1060 hazipati tena draiva mpya za gemu (programu zinazoendesha kadi) tangu Oktoba 2025, ni za usalama tu. GTX 1650 bado inazipata.

"Nimeweka kadi, sioni tofauti"

Angalia nyuma. Kebo ya monita bado imechomekwa kwenye ubao mama. Ihamishie kwenye kadi yenyewe. Na kama monita ni ya VGA, nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani, si kebo tupu.