Puliyodarai: wali mchachu usiochacha

Ukiambiwa kuna "wali mchachu" jikoni, kwanza utanusa sufuria. Kwetu wali uliochacha ni wali uliolala vibaya, wa kumwagiwa kuku. Kumbe kusini mwa India kuna wali unaotiwa uchachu kwa makusudi, na uchachu huohuo ndio unaousaidia usiharibike upesi. Watamil wanauita puliyodarai. Kwa Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka, ni puliyogare, na kwa Kitelugu, huko Andhra Pradesh na Telangana, ni pulihora. Majina yote matatu yanaanza na puli, na kwa Kitamil puli ni ukwaju. (Angalia matamshi, maana puli yenye "l" nyingine ni chui milia.)

Kwa hiyo tafsiri ya haraka ni "wali wa ukwaju", na tafsiri hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilichukua akili ya pilau: nikakamua ukwaju, nikamimina maji yake kwenye mchele, nikafunika. Ulitoka wali wa rangi ya udongo, kiini kigumu, na ule ukali wa ukwaju mbichi unaokwaruza koo. Kosa lilikuwa kudhani vitu hivyo viwili vinapikwa pamoja. Puliyodarai haipikwi kama pilau. Wali unapikwa peke yake, ukwaju unapikwa peke yake, kisha vinakutanishwa nje ya moto.

Kazi yote iko kwenye rojo la ukwaju, ambalo Watamil wanaliita pulikachal. Kwa vikombe 2 vya mchele, roweka bonge la ukwaju la ukubwa wa limau kwenye maji ya moto, likamue, uondoe kokwa na nyuzi. Kwenye kikaango tia mafuta ya ufuta, vijiko vya chakula 4 au 5, wala usione ni mengi. Tia mbegu za haradali. Zikianza kupasuka, fuatisha dengu, karanga, pilipili kavu nzima na majani ya mchuzi, kisha manjano na mvuje kidogo sana. Mvuje wengi wa pwani tunaujua kwa kufukuzia mashetani na kufungiwa watoto wachanga. Kwenye puliyodarai unakaangwa, na ukishapata moto harufu yake inageuka ikawa karibu na ya kitunguu. Kuna sababu yake, nitaifikia.

Sasa mimina ukwaju, tia chumvi, punguza moto. Hapa pana haja ya subira ya dakika 15 hadi 20. Mwanzo itachemka kama uji mwepesi, na ukionja utakunja uso. Baadaye mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka taratibu, mwiko ukipita unaacha njia, na mafuta yanajitenga pembeni. Mafuta yakija juu, ule ubichi umeshaondoka. Tia kipande cha sukari guru, siyo ili iwe tamu, bali kuushika mkono uchachu usitawale. Mwisho nyunyiza unga wa viungo vilivyokaangwa bila mafuta na kusagwa: mbegu za giligilani, pilipili kavu, ufuta na uwatu. Uwatu usizidi nusu kijiko cha chai, na ukiungua, anza upya, maana uchungu wake haufichiki.

Wali wenyewe uwe umechambuka. Umwage kwenye sinia, upoe, kisha uchanganye na rojo kidogo kidogo kwa mkono, mpaka kila punje ishike rangi. Kiporo cha wali mweupe cha jana, kama kililala kwenye friji, kinafaa kuliko wali wa moto, ambao unavunjika na kugeuka bokoboko.

Mafuta nayo yana neno. Kitamil kinaita mafuta ya ufuta nallennai, yaani "mafuta mazuri". Ni yale ya ufuta mbichi, rangi ya dhahabu. Yale meusi ya kupikia vyakula vya Kichina yametokana na ufuta uliokaangwa, na yatameza ladha nyingine zote.

Nilisema mvuje una sababu. Puliyodarai ni chakula cha hekaluni, hasa mahekalu ya Vishnu, mmoja wa miungu wa Wahindu: Srirangam kule Tamil Nadu, au Melkote kule Karnataka, ambako puliyogare yao ina sifa ya pekee. Hutolewa mbele ya mungu, kisha waumini wanagawiwa wakiwa na imani kwamba chakula hicho kimebarikiwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu haviingii kwenye chakula cha namna hiyo, basi mvuje ndio unaoziba pengo lao. Kazi ya pili ya wali huu ni safari. Asidi ya ukwaju na yale mafuta huchelewesha kuharibika, ndiyo maana familia huufunga kwenye majani ya mgomba na kupanda nao treni.

Watelugu wamekwenda mbali zaidi: wakisema kijana "anachanganya pulihora", wanamaanisha anamtongoza msichana.

Ukwaju wenyewe, kwa Waarabu tamr hindi, "tende ya India", ni mti wa asili ya Afrika uliovuka bahari zamani mno. Huku kwetu tumeukamua zaidi kwa juisi na mchuzi.

Rojo likibaki, liweke kwenye chupa kavu ndani ya friji, linakaa wiki kadhaa. Wali uliokwisha kuchanganywa ni mtamu zaidi baada ya saa 3 au 4, uchachu ukishaingia ndani ya punje. Karanga tu ndizo zinazolainika, kwa hiyo mimi huweka nusu yake kando na kuzitia wakati wa kupakua.