Miligramu si mililita: hesabu ya dozi kwa nyinyi wa staji

Nafundisha hesabu ya dozi hapa Bukavu, asubuhi niko darasani, usiku zingine niko mu pediatri, servisi ya watoto, na kila mwanzo wa staji (mazoezi ya kazi mu hospitali) naona kitu kileile: mwanafunzi anajua formula vizuri kabisa, dozi gawanya na kile kiko mu ampuli, mara mililita, anakuambia bila kusimama, lakini ukimuwekea ampuli yenyewe mu mukono ananyamaza. Hesabu ni ya primeri tu, kugawanya na kuzidisha. Penye watu wanaanguka ni kwenye etiketi.

Kilinipata na mi nikiwa stajieri, kituo sitakitaja. Tulikuwa na mutoto muchanga wa kilo 3 yuko kwa jentamisini, antibiotike ya sindano, daktari aliandika miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, njo kusema miligramu 15. Siku zote tulikuwa na ampuli za miligramu 20 mu mililita 2, ina maana mu mililita 1 muko miligramu 10, kwa hiyo tunavuta mililita 1 na nusu, na nilikuwa nimeshazoea, moja na nusu, moja na nusu, hata sihesabu tena. Ile usiku zikaisha, farmasi ikatupa zile za miligramu 80 mu mililita 2. Maji ni yaleyale mililita 2, kwa macho huoni tofauti. Umeme ulikuwa umekatika, mwenzangu ananimulikia na telefone, nikavuta moja na nusu yangu. Mama mumoja, anfirmie (muuguzi) wa zamani, akaniuliza: “Mutoto yangu, hii ni miligramu ngapi?” Nikajibu: “Mama, ni moja na nusu.” Akanishika mukono. “Nakuuliza miligramu, wewe unanijibu mililita.”

Ilikuwa miligramu 60, mara nne ya dozi, na jentamisini ikizidi inaharibu figo na masikio. Yule mutoto hakupigwa ile sindano juu ya ile swali moja, na ile swali njo ninawaulizaga nyinyi kila siku, tena nitaendelea kuwauliza.

Kwa hiyo mbele ya kugusa siringi fanya hivi: soma etiketi kwa sauti, miligramu ngapi mu mililita ngapi, halafu shuka mpaka kwa mililita MOJA. Miligramu 80 mu 2, basi mu 1 muko 40. Unataka 15, gawanya na 40, unapata 0,375. Sasa jiulize siringi gani inaweza kupima hiyo, ya mililita 5 haiwezi, unachukua ya mililita 1 yenye mistari ya 0,01. Na msichukue ya insulini hivihivi juu tu ni ndogo, mistari yake inahesabu inite (vipimo) za insulini, sio mililita, kuko zenye inite 100 mu mililita 1 na kuko zenye 40, ukichanganya hizo mbili umeshapotea.

Dawa za unga zinawasumbua zaidi, naelewa, juu mu flakoni (kichupa cha dawa) hamuko maji, ni wewe unayatia na ni wewe unaamua mililita moja itakuwa na ngapi. Angalia artesunati ya malaria kali, flakoni ya miligramu 60. Unayeyusha na mililita 1 ya bikarbonati yake, maji yake ya kuyeyushia. Kama ni ya mushipa unaongeza mililita 5 za serumu ya chumvi ao ya glikozi 5%, jumla 6, kila mililita iko na miligramu 10. Kama ni ya musuli unaongeza mililita 2 tu, jumla 3, kila mililita iko na 20. Mutoto wa kilo 12 (chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo) anataka miligramu 36: kwa mushipa mililita 3,6, kwa musuli 1,8. Flakoni ileile, mutoto uleule, lakini mililita za musuli ni nusu ya zile za mushipa. Njo maana mwanafunzi akiniambia “artesunati kilo 12 ni tatu virgili sita” (njo kusema 3,6) bila kusema ameyeyusha na ngapi, namurudisha aanze tena.

Halafu kuko mambo ya virgili, ile alama ya koma, na hii ni yetu sisi tuliosoma mu Kifaransa. Dawa nyingi zinatoka India, etiketi ni ya Kiingereza, wao virgili wanaitumia kutenganisha maelfu. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ikiandikwa 5,000 IU/ml ni inite elfu tano kwa mililita, sio tano! Na ile nukta yao ya 0.5 njo virgili yetu. Wewe ukiandika mu fishi (karatasi ya mugonjwa) andika 0,5, kamwe usiandike ,5 pekee juu usiku mutu atasoma 5, na usiandike 5,0 juu atasoma 50.

Kilo ni za balansi. Usiniambie “yuko na miaka tatu basi kilo 14”, huku kwetu kuko watoto wa miaka tatu wenye kilo 9, mupime.

Serumu, yale maji ya kutundika, hesabu yake ni nyepesi. Mu mupira wa kawaida wa kupitishia serumu mililita 1 ni matone 20, kwa hiyo zidisha saa na 3, halafu chukua mililita zote ugawanye na hiyo: mililita 500 kwa saa 4, 500 gawanya na 12, ni matone 42 kwa dakika. Ule wa watoto wenye matone 60, matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, hakuna hesabu. Lakini fungua pakiti na usome ni 20 ao 60, usikisie.

Na ukiona jibu lako linakutaka kufungua ampuli tatu ao ine kwa mutoto muchanga mumoja, simama hapo.

Kitu kingine ni namna ya kuomba mwenzako aangalie. Wengi wanamuonyesha siringi na kusema “mililita 0,37, si sawa?” na yeye anaitika, sawa, juu amechoka na anakuamini. Usimuambie jibu lako. Mupe fishi, kilo za mutoto na ampuli ile umefungua, ahesabu peke yake pembeni, halafu mulinganishe. Namba zikiachana hakuna mwenye kuchoma sindano, hata kama mumoja wenu ni mukubwa wa servisi.