Upinde wa kuwindia: pima mikono, chagua mshale, ndipo ununue

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Kisesa, Mwanza, ni hili: "Fundi, huu una paundi ngapi?" Paundi ni uzito unaousikia mkononi ukiivuta kamba. Mtu hajaushika, hajaniambia ataufanyia kazi gani, lakini paundi anazitaka. Kijana mmoja wa Nyakato aliniletea upinde mpya wa paundi 60 alioagiza mtandaoni. Nikamwambia avute taratibu, ashikilie hadi nimwambie aachie. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka hata kamba haijafika kidevuni, ncha ya mshale ikawa inazunguka gunia zima la shabaha. "Ni mzito kidogo, kaka, ila nitauzoea."

Hatauzoea. Atakachozoea ni kuukwepa: bega litapanda, kichwa kitaifuata kamba badala ya kamba kukifuata kichwa, vidole vitaachia mapema ili maumivu yaishe. Baadaye atakuwa na upinde wa paundi 60 pamoja na tabia ambazo kuziondoa ni kazi kuliko kuanza upya. Mtu mzima anayejifunza aanze na paundi 30 au 35. Upinde wa kuwindia wanyama wa ukubwa wa swala mimi siushauri chini ya 45, na zaidi ya 55 sijaona sababu kwa mtu anayevuta kwa vidole vyake mwenyewe.

La sheria nilimalize hapa hapa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inauhesabu upinde kuwa silaha, kuwinda bila leseni ni kosa, na sumu hairuhusiwi. Kwa hiyo usinipigie simu kuniuliza kama unaweza kwenda "kujaribu kidogo" Saanane. Kile kisiwa ni Hifadhi ya Taifa, na swala wa pale wana wenyewe. Wengi wa wateja wangu wanaishia kupiga gunia lililoshindiliwa mitumba iliyochakaa, na wanafurahi. Upinde unachaguliwa kwa namna ile ile, gunia au swala.

Pima mikono kwanza. Inyooshe pembeni, mwenzako apime kuanzia ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mkono wa pili, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anapata 70, yaani inchi 27 na nusu. Huo ndio mvuto wake, yaani umbali anaoivutia kamba. Namba iliyoandikwa kwenye upinde imepimwa kwa mvuto wa inchi 28, na kila inchi unayopungukiwa inakuondolea paundi mbili hadi tatu. Mwenye mvuto wa inchi 26 akinunua upinde ulioandikwa 45, mkononi mwake atavuta 40 hivi. Mrefu wa inchi 30 akiuchukua huo huo anavuta 50. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kama upinde mmoja ni mwepesi au mzito, na wote wakawa wanasema kweli.

Angalia na jicho. Kutanisha viganja mbele yako uache tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, kisha funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo jicho lako la shabaha. Kama ni la kushoto, bora ujifunze kuvuta kwa mkono wa kushoto hata kama unaandika kwa wa kulia.

Sasa mshale. Hapa ndipo nagombana na watu, maana nawaambia wapange hela ya mishale kabla ya hela ya upinde. Upinde kazi yake ni kusukuma tu, kinachomfikia mnyama ni mshale. Mshale mwepesi unatoka mbio lakini unaacha nguvu nyingi ndani ya upinde, na nguvu hiyo ndiyo ule mlio na mtikisiko unaousikia mkononi. Mshale ukiwa mwepesi kupita kiasi ni karibu sawa na kuachia kamba bila mshale, jambo linalovunja upinde wowote. Kwa kuwindia, mimi napima nusu gramu hadi gramu 0.65 kwa kila paundi. Upinde wa paundi 50 unataka mshale wa gramu 25 hadi 32.5, kichwa kikiwemo.

Mtu atasema mshale mzito ni wa polepole. Ni kweli. Rikevu ya kawaida, yaani upinde ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, ikisukuma mshale wa aina hiyo inautoa kwa mita 55 hivi kwa sekunde. Mita 20 unazimaliza kwa sekunde 0.36. Upinde wa puli, wenye magurudumu kwenye ncha zake, ukiwa wa mbio unaweza kufika mita 85, kwa hiyo mita hizo hizo unazipita kwa sekunde 0.24. Sauti nayo inakwenda mita 340 kwa sekunde: imeshafika kwenye sikio la swala ndani ya sekunde 0.06. Hakuna upinde unaoishinda sauti yake mwenyewe. Swala akisikia mlio anajishusha ili aruke, na mshale uliokuwa unaenda kwenye mapafu unapita juu ya mgongo. Ndiyo sababu nikichagua kati ya upinde wenye mbio na upinde wenye ukimya, nachukua wenye ukimya na kusogea karibu zaidi.

Jambo la pili kwenye mshale ni ugumu wake. Kamba inapousukuma, mshale unajipinda kwanza upande mmoja kisha wa pili ndipo unanyooka, na kujipinda huko ndiko kunauwezesha kuupita mshikio, ile sehemu ya katikati unayoishika, bila kuugonga. Mgumu sana au laini sana kwa upinde wako, utakwenda pembeni hata ulenge vipi. Mtu ananijia akisema upinde wake "umepinda", nampa mishale mitatu ya ugumu tofauti apige kwenye gunia lile lile, na kwa kawaida mmoja kati ya hiyo unamaliza kesi.

Upinde wangu wa kwanza nilirithi kwa babu. Ni mkole, fimbo nzima ya mti mchanga, mviringo, haukupasuliwa. Miti yetu mingi haina miduara ya miaka inayoonekana vizuri kama miti ya nchi za baridi, ambako fundi anafuata duara moja kwa mgongo wote wa upinde. Mzee alitumia njia nyingine: unachagua mti mwembamba uliosimama wima, unamenya gamba kwa uangalifu usiuguse mti wenyewe, na ule uso uliokuwa chini ya gamba unabaki kuwa mgongo, upande unaotazama shabaha. Kisu kinafanya kazi tumboni tu, upande wa mvutaji. Unakwangua kidogo, unaweka kamba, unavuta nusu, unaangalia ni mkono upi wa upinde, wa juu au wa chini, haujipindi, unakwangua tena huo mgumu. Unapofika mwisho makombo yanatoka membamba kiasi cha kuona mwanga kupitia kwake. Ukiukata mgongo hata mstari mmoja, utapasukia hapo hapo, na utapasuka ukiwa umeuvuta hadi shavuni.

Upinde ule ni mwepesi, hauzidi paundi 40, na watu hushangaa wazee waliwindaje nao. Jibu ni kwamba haukuwa peke yake. Vichwa vya mishale ya zamani ni vyembamba, vya chuma kilichofuliwa, vingine vina miiba, na nyuma ya kichwa kulikuwa na sehemu ya kupaka sumu iliyofungwa ngozi isikauke. Mshale haukuhitaji kuzama sana, sumu ndiyo iliyomaliza. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, jirani na Wasukuma wa Meatu, wanajulikana kwa sumu hiyo mpaka leo, ingawa wao pinde zao ni nzito kweli kweli. Ukiiondoa sumu, kama sheria inavyotaka, kichwa kile chembamba hakifai tena kwa mnyama. Mshale bila sumu unaua kwa kukata na kumwaga damu, hauna kishindo cha risasi. Unahitaji kichwa kipana, chenye makali ya kunyoa nywele za mkononi, na mnyama awe amesimama ubavu. Kwa hiyo ukikuta mishale ya kizamani sokoni, inunue kwa ajili ya ukutani.

Wa babu niliupenda kwa sababu nyingine pia. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, upinde na filimbi ndizo zilikuwa zana zao, na pinde nyingi za uwindaji zilihamia kwenye ulinzi wa ng'ombe. Wa kwetu nao ulikesha nje usiku mwingi. Bado unavuta vizuri, ingawa umekubali kupinda: ukiuvua kamba haunyooki wote.

Niliompenda kuliko wote, kama naruhusiwa kuutaja upinde kama mtu, ni Samick Sage. Ni rikevu ya inchi 62 inayofunguka vipande vitatu, na mikono yake inauzwa kuanzia paundi 25 hadi 60. Hilo ndilo lililonivuta. Unaanza na mikono ya 30, ukishakomaa unabadilisha mikono peke yake, mshikio unabaki ule ule. Kwenye basi la kwenda Magu unaubeba ndani ya begi na hakuna anayekuuliza. Nimefundishia watu wengi kwa upinde huo kuliko mwingine wowote.

Bear Grizzly nilipewa na mwindaji mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Inchi 58, kipande kimoja, mbao na faiba. Ni mfupi, haukwami kwenye vichaka, na una ukimya ambao sijausikia kwenye pinde nyingine zangu. Ila kwa mtu mwenye mikono mirefu unabana: kamba inatengeneza pembe kali mwisho wa mvuto na kuviminya vidole. Fred Bear aliyeanzisha kampuni hiyo alikuwa mwindaji wa Michigan, na pinde za namna hii zinaonyesha mtu aliyefikiria vichaka kabla ya uwanja wa mashindano.

Hata hivyo wazungu wa upinde nao wana hadithi zao zinazopunguzwa zikisimuliwa. Saxton Pope na Arthur Young walikuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa upinde, na mpaka leo wanatajwa kwa heshima. Kinachosahauliwa ni kwamba nyuma yao palikuwa na mtu mwenye bunduki. Wewe usiye na mtu wa bunduki, usimfikirie simba.

Upinde wa puli nimeumiliki mmoja, nikauuza. Si kwamba ni mbaya. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliuombea hataza mwaka 1966, akapewa 1969, na wazo lake ni la akili sana: puli zikigeuka mwisho wa mvuto, mzigo unapungua. Paundi 60 zenye punguzo la asilimia 80 zinakuachia 12 tu za kushikilia, unapumua na kulenga kwa raha. Kwa mtu anayeanza uwindaji halali na ana hela, ndio njia fupi ya kupata shabaha. Tatizo ni hapa tulipo. Kubadilisha kamba yake kunahitaji mashine ya kuuminya upinde, na kupata kamba yenye urefu sahihi ni kuagiza na kusubiri. Rikevu kamba yake nakusokotea nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

Na kamba ndiyo inayoua pinde nyingi za Mwanza. Mtu kamba ikikatika anakwenda maduka ya zana za uvuvi Kirumba, ananunua uzi wa nyavu wa nailoni, anausokota. Unaonekana imara, na kweli haukatiki. Lakini nailoni inavutika. Kila ukiachia, sehemu ya nguvu inapotelea kwenye kamba, na mshale unaotakiwa kuzama unadunda. Tena siku ya jua inalegea, kamba inasogea karibu na mshikio, na upinde uliokuwa kimya unaanza kupiga kelele. Upinde wa mbao au rikevu ya zamani uupe kamba ya poliesta. Kamba za kisasa zisizovutika kabisa ziweke kwenye pinde mpya ambazo ncha zake zimeimarishwa, la sivyo zitazipasua. Paka nta ya nyuki kila kamba inapoanza kuota manyoya, isugue kwa kipande cha ngozi mpaka ipate joto.

Huku ziwani kuna unyevu, kwa hiyo upinde wa mbao usiuegemeze ukutani wala kuulaza sakafuni. Ulaze juu ya misumari miwili, bila kamba. Kwenye buti la gari saa saba mchana usiuache, gundi ya mikono inalainika. Ukitaka kununua uliotumika, pitisha pamba taratibu kwenye mikono yote miwili: pamba ikinasa, kuna nyuzi za faiba zimeinuka au ufa umeanza. Kisha weka kamba, uutazame kutoka nyuma. Kamba isipopita katikati ya mikono yote miwili, mkono mmoja umepinda. Mrudishie mwenyewe hata kama amepunguza bei, na hasa kama amepunguza.