Ugumu wa maji na ualkali wake: GH na KH katika tangi la samaki lenye mimea

Ugumu wa maji ni kipimo cha kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka ndani yake. Si kipimo cha chumvi, si pH (kipimo cha uasidi wa maji), wala si ile namba inayotokea kwenye kalamu ya kupimia jumla ya vitu vilivyoyeyuka, kwa kuwa kalamu hiyo hupima tu jinsi maji yanavyopitisha umeme, na haiwezi kutofautisha kalsiamu na chumvi ya mezani. Maji yenye madini hayo mawili kwa wingi yameitwa magumu kwa sababu sabuni haitoi povu kwa urahisi ndani yake, jambo analolijua kila aliyewahi kufua kwa maji ya kisima kirefu.

Maana hiyo ni fupi na haina ubishi. Ubishi huanza pale mfugaji wa samaki wa mapambo anapofungua kisanduku cha vifaa vya kupimia na kukuta chupa mbili, moja imeandikwa GH na nyingine KH, na zote mbili zinaelezwa kuwa hupima ugumu. Hapo ndipo yanapozaliwa madai mawili ambayo yamerudiwa mno miongoni mwa wafugaji wetu: kwamba KH ni sehemu ya GH, na kwamba soda ya kuokea huongeza ugumu wa maji. Yote mawili si kweli, na la pili limedhoofisha mimea mingi iliyokuwa haihitaji chochote ila magnesiamu kidogo.

Kosa limo katika jina lenyewe, nalo lina historia. Herufi hizo ni za Kijerumani: G ni ya Gesamthärte, yaani ugumu wa jumla, na K ni ya Karbonathärte, yaani ugumu wa kaboneti. Hata digrii tunazohesabu kwa vitone vya dawa ya chupa hizo ni za Kijerumani, digrii moja ikiwa sawa na miligramu 10 za oksidi ya kalsiamu kwa lita, au miligramu 17.8 za kalsiamu kaboneti. Maji mengi ya Ulaya hupita katika mawe ya chokaa. Mvua hubeba kabonidayoksaidi, huyeyusha mawe hayo, na kila chembe moja ya kalsiamu inayoingia majini huja na chembe mbili za bikaboneti, ambayo ndiyo inayomeza asidi majini. Maji ya namna hiyo yakichemshwa, kalsiamu na bikaboneti huungana tena na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika, na kwa hiyo kiasi hicho kiliitwa ugumu wa muda, kwa kuwa huondolewa na moto. Katika nchi ya chokaa, basi, anayepima bikaboneti anapima kweli fungu fulani la ugumu, na fungu haliwezi kuzidi jumla yake.

Lakini kitone cha KH hakiioni kalsiamu hata kidogo. Ni asidi, na kinachohesabiwa ni kiasi cha asidi ambacho maji yanaweza kukipokea kabla pH haijaporomoka. Hesabu hiyo hutegemea zaidi bikaboneti, iwe imekuja na kalsiamu, na magnesiamu, au na sodiamu, ambayo haihusiki kabisa na ugumu. Jina lake la haki ni ualkali.

Nasi hatuishi katika nchi ya chokaa. Mawe ya chokaa tunayo Tororo na Hima, ambako huchimbwa kwa ajili ya saruji, lakini maji mengi ya Uganda yamepita kwenye miamba ya aina nyingine. Ziwa Victoria, linalonywesha Kampala kupitia mitambo ya Ggaba na Katosi, lina kalsiamu ya takriban miligramu 5 hadi 6 kwa lita na magnesiamu ya miligramu 2 hadi 3. Huo ni ugumu usiofika hata digrii 2. Ualkali wake, kwa vitone vilevile, ni digrii 2 na nusu hivi. Ziwa Edward, lililo katika bonde la ufa lenye miamba ya volkano, lina sodiamu nyingi kuliko kalsiamu na magnesiamu, na ualkali wake hufikia takriban mara mbili ya ugumu wake. Hapo lile fungu limeipita jumla yake, na mfugaji asiyejua historia ya jina huamua kwamba vifaa vyake vimeharibika.

Jambo hili lina matokeo ndani ya tangi. Mimea ya majini huhitaji kalsiamu na magnesiamu kama chakula. Magnesiamu ikipungua, majani ya zamani hugeuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Kalsiamu ikipungua, majani machanga hutoka yamejikunja na kudumaa. Mwenye maji ya ziwa anayeona dalili hizo, akaambiwa aongeze ugumu, kisha akatia soda ya kuokea, ambayo ni bikaboneti ya sodiamu, ataona namba ya KH ikipanda na pH ikipanda nayo, na atadhani amefanya kazi, ilhali ameipa mimea sodiamu isiyoiomba na kalsiamu ya maji imebaki palepale. Magadi ni mabaya zaidi, kwa maana yana kaboneti yenyewe na hupandisha pH kwa ghafla kiasi cha kuwadhuru samaki.

Kinachoongeza ugumu bila kugusa ualkali ni salfeti: chumvi ya Epsom kwa magnesiamu, gramu 4 na nusu hivi katika lita 100 kwa kila digrii, na jasi safi kwa kalsiamu, gramu 3 hivi kwa kiasi hichohicho cha maji. Kwa mimea mingi, ugumu wa digrii 4 hadi 6 unatosha, na ni bora kuufikia polepole, kidogo kila maji yanapobadilishwa. Mawe ya chokaa yaliyosagwa na makombe huongeza ugumu na ualkali kwa pamoja, lakini huyeyuka taratibu. Anayetumia maji ya mvua kutoka kwenye bati aanze na hesabu ya karibu sifuri pande zote mbili.

Ualkali nao una kazi yake, na sisemi kwamba hauna maana. Bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitreti huzalisha asidi na kuila bikaboneti siku hadi siku, na katika maji yenye KH ndogo kama yetu, tangi lenye samaki wengi linaweza kuporomoka pH ikiwa maji hayabadilishwi. Shabu inayotumika kusafishia maji nayo hula sehemu ya ualkali, kwa hiyo apimaye apime maji ya bomba lake mwenyewe, si ya ziwani. Hapo soda ya kuokea ni dawa halali: gramu 3 katika lita 100 hupandisha KH kwa digrii moja. Tena mimea kama valisneria, ambayo huota yenyewe katika Ziwa Victoria, huweza kuchota kaboni moja kwa moja kutoka kwenye bikaboneti pale kabonidayoksaidi inapokuwa haba, kwa hiyo kuifukuza KH yote kwa ajili ya kutafuta maji laini ni kuinyima chakula.

Basi mwenzetu akipima akapata GH 1 na KH 3, asirudishe vifaa dukani, kwa sababu vimepima sawasawa. Na anapoeleza kuhusu tangi lake, nitamwomba aseme kwamba maji yake ni laini na yana ualkali wa kadiri, hata kama chupa ya pili imeandikwa kwamba nayo hupima ugumu.