Waviking na kofia za pembe

Maduka ya watalii mjini Oslo yamejaa kofia za plastiki zenye pembe mbili, nami huzipita nikicheka kidogo. Wanauziwa kama kofia za Waviking, mabaharia na wapiganaji wa kale wa Skandinavia, lakini Waviking hawakwenda vitani na pembe kichwani. Hakuna kofia ya namna hiyo iliyowahi kupatikana kutoka zama zao, yaani takriban mwaka 800 hadi 1050.

Kilichopatikana ni kofia ya chuma ya Gjermundbu, iliyochimbuliwa nchini Norwei mwaka 1943 katika kaburi la karne ya 10. Ni ya mviringo, ina kinga ya macho na pua, haina pembe. Na kwa kweli, nani angetaka pembe vitani? Shoka likizigonga, badala ya kuteleza linanasa, na kofia yenyewe inang'oka.

Kofia zenye pembe zipo, ila si zao. Mbili za shaba nyeusi zilitolewa kwenye kinamasi cha Veksø, Denmark, mwaka 1942. Zilitengenezwa yapata 900 Kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 1,600 kabla ya Waviking, na inaelekea zilikuwa za ibada.

Wa kulaumiwa zaidi ni jukwaa la Ujerumani. Mwaka 1876 opera (michezo ya kuimbwa) za mtunzi Mjerumani Richard Wagner kuhusu miungu na mashujaa wa kale zilionyeshwa mjini Bayreuth, na mbunifu wa mavazi, Carl Emil Doepler, akawavisha baadhi ya waigizaji pembe. Wachoraji wa vitabu wakaipenda sura hiyo na kuwapa Waviking, kisha wauza zawadi wakafuata.