Mwanga haumezwi na tui la nazi

Huku kwetu Lindi ukimuuliza mtu kwa nini tui zito kwenye glasi halionyeshi upande wa pili, wengi watakwambia limeumeza mwanga. Hapana jamani, kama lingeumeza lingekuwa jeusi! Tui ni maji yenye vitone vidogo mno vya mafuta, na maji yanapitisha mwanga, mafuta nayo yanapitisha, ila mwanga ukitoka kwenye maji ukagonga kitone unapindishwa, hapo hapo unakutana na kingine unapindishwa tena, unahangaika hivyo hivyo mpaka mwingi wake unarudi ulikoingilia, na kwa vile rangi zote zinarudi karibu sawa sisi tunaona weupe. Chumvi vile vile. Kachukue punje moja kubwa safi kule kwenye mashamba ya chumvi uishike juani, inaonyesha kama kioo, lundo ndo jeupe.

Wengine wanashikilia kwamba nyama haipitishi mwanga kabisa. Ingia gizani, washa tochi ya simu, ibane kwa kidole. Kidole kizima kinawaka wekundu, maana damu inafyonza sana bluu na kijani, nyekundu inapenya. Angalia vizuri, kivuli cha mfupa hukioni, sababu mwanga umeshatawanyika pande zote humo ndani. Kile kifaa cha kubana kidole hospitali kinachopima oksijeni kinatumia mwanga huo mwekundu pamoja na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), kazi iliyoanzishwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970.

Halafu hii ya shati jeupe likilowa linaonyesha mwili eti kwa sababu limekuwa jepesi, siyo. Maji yameingia mahali pa hewa katikati ya nyuzi, na maji hayatofautiani sana na uzi kwenye kupinda mwanga, kwa hiyo kutawanyika kunapungua. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford huko Marekani walitumia njia hiyo hiyo, wakapaka ngozi ya panya tartrazini, ile rangi ya njano ya vyakula, ngozi ikaonyesha viungo vya ndani, wakaiosha ikarudi kama zamani (tafadhali usijipake wewe, ni utafiti wa panya huo).

Na madereva wa Newala, ukungu wa asubuhi ukishuka msiwashe taa za ful mkidhani mtaona mbali. Matone ya ukungu yanawarudishia mwanga mwingi machoni. Piga dimu, punguza mwendo.