Je, wajua kwa nini nyumba hufyonza gesi ya radoni kutoka ardhini?

Mnamo Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kinu cha nyuklia cha Limerick, jimboni Pennsylvania, Marekani, ambacho kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Mitambo ya kukagua mionzi ililia alipopita, hata alipokuwa ndiyo kwanza anaingia kazini. Nyumba yake ilipopimwa, ilikutwa na radoni ya takriban bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100,000 katika kila mita ya ujazo ya hewa, ilhali mamlaka ya mazingira ya Marekani hushauri nyumba irekebishwe kipimo kinapofika 148 tu.

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Hutokana na urani iliyomo katika miamba na udongo, ambayo humeguka hatua kwa hatua hadi kuwa gesi hiyo. Nayo radoni, ambayo nusu yake humeguka kila baada ya siku 3.8, huacha chembe zenye mionzi zinazonata kwenye vumbi, kwenye nguo na, lililo baya zaidi, ndani ya mapafu, ambako zinaweza kusababisha saratani.

Nje ya nyumba, upepo huitawanya. Ndani mambo ni tofauti, kwa sababu hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, mgandamizo wa hewa hupungua sehemu ya chini, na nyumba huanza kuvuta hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu na mianya inayozunguka mabomba. Ndiyo maana tatizo huwa kubwa zaidi majira ya baridi, madirisha yanapofungwa na vyumba kupashwa joto.

Kipimo cha jirani hakikufai kitu, kwani nyumba mbili zinazopakana zaweza kutofautiana mno. Kwa kupima nyumba yako, kipo kikopo cha mkaa maalumu kinachoachwa siku chache madirisha yakiwa yamefungwa, na kipo kipande cha plastiki kinachochorwa na chembe za alfa, yaani chembe zinazorushwa radoni inapomeguka, kwa miezi 3 au zaidi. Cha pili ndicho cha kuaminika zaidi, maana radoni hupanda na kushuka kufuatana na hali ya hewa.

Kuziba nyufa pekee hakutoshi. Dawa hasa ni kuiwahi nyumba katika kuvuta: bomba hupitishwa sakafuni hadi kwenye kokoto zilizo chini yake, na feni isiyozimwa hunyonya gesi na kuitoa juu ya paa. Feni hiyo huwekwa darini au nje ya ukuta, kamwe si chumbani, kwa kuwa sehemu ya bomba inayofuata baada yake ndiyo inayosukuma gesi, na ikivuja ingeimwaga mle mle ndani. Kisha nyumba hupimwa upya, kwani mlio wa feni hauthibitishi kwamba gesi imepungua.